Nimebadilisha kamu, sasa injini inalia tik tik mbele juu, tapeti nimepima mara mbili ziko sawa. Msaada wakuu

SpanaKumi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada maana kichwa kimeanza kuuma. Injini ni 4A-GE ya valvu 16, ile ya tapeti za kikombe (zinazokaa kati ya kamu na valvu) zenye shimu juu, yaani kisahani cha kupangia gepu. Nimetoa kamu zake (shafti zenye nundu zinazofungua valvu) nikaweka kamu kali za digrii 264, lifti (kimo valvu inachofunguliwa) milimita 8 na pointi kidogo, zilishatumika kwa jamaa mmoja kabla yangu. Springi za valvu nimeweka ngumu zaidi, na puli za kamu zote mbili nimeweka zile za kurekebishika. Kazi nimefanya mwenyewe wikiendi mbili, ikawaka starti ya kwanza, nikazima nikaenda kulala kama mfalme.

Siku za mwanzo ilikuwa inalia kama cherehani tu, nikasema tapeti ngumu ndo zilivyo, sikujali. Baada ya kama kilomita 300 ukaja mlio mwingine, tik tik mzito kidogo, upande wa mbele juu, unasikika zaidi ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyagwa), ukikanyaga ikafika elfu mbili unapotea au labda unamezwa na kelele nyingine sijui. Pia naona chini imekuwa nzito, haivuti kama wiki ya kwanza, ila hapo nilijua ndo tabia ya kamu kali kwahiyo sikuweka akilini.

Nimefungua kava nimepima gepu kati ya kamu na tapeti injini ikiwa baridi kabisa, inteki milimita 0.20 zote, ekzosi 0.25 zote, nikafunga, mlio upo palepale. Nikafungua tena nikapima upya, namba zilezile. Beliti nimeangalia alama za puli zote zimekaa kwenye mstari. Sasa nimebaki namwangalia tu.

kimyakimya

Weka oili nzito 20W-50 utasahau kama kulikuwa na kelele.

NusuMilimita

Mkuu hapo juu, hiyo ni kuweka pamba masikioni. Kelele ikipungua kwa oili nzito kitu kinachogonga bado kinagonga, umekifunika shuka tu.

SpanaKumi, kabla hujafungua kitu kingine chochote nenda kahesabu mlio. Sitanii. Kamu inazunguka nusu ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kwahiyo injini ikiwa sailensi ya 900 kamu inazunguka 450 kwa dakika, sawa na mara 7 na nusu kwa sekunde. Nundu moja ya kamu yenye shida itagonga mara 7 na nusu kwa sekunde, haizidi haipungui. Ukipata kama 15 kwa sekunde basi kitu kinaenda na krenki, hapo unatafuta kwingine kabisa na uombe isiwe beringi ya konrodi. Rekodi kwa simu halafu icheze taratibu, utahesabu vizuri. Kama una taa ya taimingi ya kumweka ndo bora zaidi, ishikize kwenye waya wa plagi, plagi ya silinda moja inamweka mara moja kila kamu inapozunguka, kwahiyo mlio wa tapeti utaenda sambamba na mmweko.

Pili, chukua bisibisi ndefu, mpini sikioni, ncha weka kwenye boliti za kava moja moja kuanzia mbele kwenda nyuma (nywele na mashati mapana yakae mbali na beliti tafadhali). Tatu usisahau vitu ambavyo si valvu kabisa, gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikipumua inalia tik tik kama tapeti hasa ikiwa baridi, na injekta nazo zina mlio wake mkavu. Watu wamefungua hedi kwa ajili ya nati ya manifoldi iliyolegea.

Alafu swali, hizo springi ngumu ulipima nafasi ya koili? Kamu ikiwa imesukuma mpaka mwisho koili zisigusane, wengi wanaacha kama milimita 1.5 kwa jumla. Na riteina (kisahani kinachoshika springi juu ya valvu) isifike kwenye sili ya valvu. Kamu yenye lifti kubwa ikikutana na hivyo vitu viwili inalia pia, na haitalia muda mrefu.

MamaGia

Naongeza nyama kwenye upande wa shimu maana hapo wengi wanajikwaa.

0.20 na 0.25 ulizoweka ni za kamu ya kiwandani, yaani kitabu cha 4A-GE kinasema inteki 0.15 mpaka 0.25 na ekzosi 0.20 mpaka 0.30 ikiwa baridi. Kamu uliyoweka siyo ya kiwandani. Kila kamu ina kilima kidogo mwanzoni na mwishoni mwa nundu, kazi yake ni kuondoa gepu taratibu kabla valvu haijafunguliwa kwa nguvu, na aliyeichonga anapanga gepu kulingana na urefu wa kilima chake. Ukiweka gepu kubwa kuliko kilima, nundu inakutana na tapeti ikiwa tayari ina kasi, inapiga kama nyundo, na kwenye kufunga valvu inaangukia kiti chake badala ya kukalishwa. Ndo maana kamu inakuja na karatasi yake. Wewe ulinunua iliyotumika, karatasi iko wapi?

Pia kamu zikisagwa upya mgongo wake (sehemu ya duara isiyo na nundu) unapungua, kwahiyo gepu linaongezeka na unahitaji shimu nene. Hesabu ni ileile, shimu mpya ni shimu ya zamani, jumlisha gepu ulilopima, toa gepu unalotaka. Mfano umepima 0.31, unataka 0.20, shimu iliyopo ni 2.60, jibu 2.71, na kwa kuwa shimu za Toyota zinapanda kwa 0.05 unachukua 2.70 unabaki na 0.21. Upande wenye namba unatazama chini kwenye kikombe, ukiuweka juu kamu inaufuta na mwenzako ajaye hatajua saizi.

Na lifti. Shimu ya juu ya kikombe imeshikwa na kingo ndogo tu, kamu ikiwa na lifti kubwa pua yake inafika pembeni ya shimu na injini ikipandishwa sana shimu inaruka nje. Ndo sababu wanaopanda lifti kubwa wanahamia vikombe vyenye shimu chini. Wewe na 8 na kidogo haupo mbali na mpaka, usijisahau ukapiga rpm za ajabu. Ila shimu ikiruka hutauliza hapa tena, utasikia mwenyewe.

fundi_wa_usiku

Nimeweka kambi hapa. Uzi mtamu.

SpanaKumi

Asanteni sana. MamaGia karatasi sina, jamaa aliyeniuzia anasema aliweka gepu za kiwandani na hakuwahi kuwa na kelele. Shimu namba zipo chini, hilo nilijua. Springi nilipima koili, nina 1.9 kwahiyo niko salama.

NusuMilimita nimerekodi nikacheza taratibu na hapa ndo nimechanganyikiwa zaidi. Siyo 7 wala 15. Ni kama 30 kwa sekunde, lakini haziko sawa, nyingine nzito nyingine nyepesi, na kuna wakati mbili zinafuatana haraka kama mtu anabisha hodi. Bisibisi inasikia kali zaidi kabisa mbele, upande wa inteki, kepu (kishikio cha kamu) namba moja. Nyuma kimya kabisa.

NusuMilimita

30 kwa sekunde kwa 900 ni mara nne kwa kila mzunguko wa kamu. Una silinda nne. Kila silinda inabisha hodi mara moja kwa kila mzunguko wa kamu ya inteki, na zote zinasikika mbele. Basi tapeti zako hazina kesi, haiwezekani tapeti nane za nyuma na mbele zilie zote kupitia kepu ya kwanza na za nyuma zikae kimya.

Puli ulikazaje?

SpanaKumi

Boliti kubwa ya katikati nilikaza kwa toki renchi kama kitabu kinavyosema, kamu nimeishika na spana kwenye ile sehemu ya pembe sita, sikushikilia kwa beliti. Vile viboliti vitano vidogo vya kwenye puli nilikaza kwa mkono, kwa hisia, nikaona vimekaza.

MzeeKapi

"Kwa hisia." Haya.

Kijana kaa chini nikueleze, na wengine mnaosoma msipite haraka maana hii kitu imemaliza injini nyingi za watu waliojua kupima tapeti vizuri kuliko mimi.

Watu wanadhani kamu inavutwa na beliti mwendo mmoja tu, mbele mbele mbele. Siyo kweli. Nundu ikipanda inasukuma springi, springi inakataa, kamu inataka kubaki nyuma. Nundu ikishapita kilele springi inarudi, sasa inaisukuma kamu mbele, kamu inataka kuikimbia beliti. Silinda nne, mara nne kwa mzunguko, vuta sukuma vuta sukuma. Ikiwa 6000 kwenye krenki kamu inazunguka 50 kwa sekunde, hiyo ni vuta sukuma 200 kila sekunde. Na wewe umeweka springi ngumu na lifti zaidi, yaani kila kofi limekuwa zito kuliko lile ambalo kiwanda kilipanga. Sasa makofi yote hayo yanapita wapi? Kwenye puli ya kawaida yanapita kwenye boliti ya katikati na pini. Na hata pini watu wanaielewa vibaya, pini kazi yake ni kuonyesha mahali pa kukaa, mzigo unabebwa na msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa na boliti. Boliti ikilegea pini inaachiwa kazi isiyo yake, inakatika au inapanua tundu.

Kwenye puli yako ya kurekebishika kuna kiungo kingine cha ziada. Kitovu na ringi ya meno ni vipande viwili, vimeshikana kwa viboliti vitano vinavyopita kwenye matundu marefu. Hakuna pini hapo kati. Kilichozuia visiteleze ni mbano wa viboliti tu, na viboliti vyenyewe ni vifupi. Boliti ni springi, inashika kwa sababu imevutwa ikarefuka kidogo. Ndefu inarefuka vizuri, ikipoteza mikroni chache bado inabana. Fupi haina cha kurefuka, rangi ya puli ikijikandamiza kidogo tu chini ya kichwa chake mbano umekwisha, ukishika kwa mkono utaona bado imekaza lakini haina inachokishika.

Hisia nayo ngoja nikwambie. Nguvu unayozungusha kwenye spana, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya kichwa cha boliti, asilimia kama 40 inaliwa kwenye nyuzi, inayobaki kuvuta boliti ni kama 10 tu. Kwahiyo mkono wako unahisi msuguano, mbano hauhisi. Nyuzi zikiwa na oili au zikiwa kavu au zina vumbi unapata mbano tofauti kabisa kwa hisia ileile.

Sasa jambo linaloniudhi zaidi. Umesema alama za puli zimekaa kwenye mstari. Alama ziko kwenye ringi ya nje! Ringi inashikwa na beliti, itakaa kwenye mstari hata kama kitovu kimezunguka ndani yake. Fungua kava ya beliti uangalie mistari midogo ya digrii kati ya ringi na kitovu. Usiwashe kabla hujaangalia.

kimyakimya

Mzee umemaliza. Oili yangu nimeirudisha kwenye kopo.

DogoV8

Naomba niingilie kidogo kabla mwenye uzi hajarudi maana nami nina tik tik. Yangu LS (V8 ya GM), kamu moja katikati, pushirodi (fimbo kati ya tapeti na roka), tapeti za oili. Nimeweka kamu kali, roka zilezile, pushirodi zilezile, tapeti mpya. Inalia valvu zote, si mbele si nyuma. Boliti za roka nimekaza 30 Nm kama inavyotakiwa na hazijalegea, nimepiga alama.

MamaGia

DogoV8 ungefungua uzi wako ila kwa kuwa umekuja na adabu.

Roka za LS hazirekebishiki, unakaza boliti mwisho basi, kwahiyo mbano wa awali wa tapeti unaamuliwa na urefu wa pushirodi peke yake. Ya kiwandani ni inchi 7.400, karibu milimita 188. Kamu kali mara nyingi mgongo wake ni mwembamba ili nundu ipate urefu bila kuzidi beringi. Mgongo ukipungua milimita 1 kwa kipenyo, tapeti inashuka nusu milimita, maana inakaa kwenye nusu kipenyo, watu wengi wanasahau kugawa kwa mbili. Hiyo nusu milimita umeipoteza kwenye mbano wa tapeti. Tapeti nyingi zinataka kitu kati ya 0.5 na 1.5 hivi kutegemea aina, kwahiyo unaweza kuwa umebaki na sifuri au hewa kabisa, na tapeti ya oili yenye hewa juu inalia kuliko tapeti ngumu. Tafuta pushirodi ya kurefushika ya kupimia, pata urefu ambao roka inagusa bila kubana, jumlisha mbano wa tapeti zako, nunua saizi hiyo. Ukifanya kinyume ukaweka ndefu sana valvu hazitakalia viti vyake, injini itakosa kompresheni na itakuwa kimyaaa. Ukimya huo usiushangilie.

DogoV8

Nimepima mgongo kwa kaliperi, ya zamani na mpya zinatofautiana milimita 1.3. Asante mama, naenda kuazima pushirodi ya kupimia.

nati_huru

Mimi kwa haya yote nina jibu moja tu, Loctite nyekundu kila boliti. Kepu za kamu, puli, roka, kila kitu. Haitoki ng'o.

NusuMilimita

Haitoki ng'o hata wewe ukitaka kuitoa, hapo ndo tatizo. Nyekundu inataka joto la kama digrii 250 ndo iachie, sasa kiboliti kidogo kwenye alumini ya hedi utakipasha moto vipi bila kuharibu kilicho karibu? Utakata boliti au utang'oa nyuzi za alumini, chagua.

Boliti za kepu za kamu hazihitaji gundi. Zinahitaji nyuzi safi, tundu lisilo na oili chini (oili ikinaswa chini ya tundu lisilotoboka boliti inakuwa jeki, inapasua hedi), na kukazwa kwa awamu, kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda nje, maana kamu ya chuma cha kumimina ukiibana upande mmoja springi zikiisukuma upande mwingine inavunjika kama chaki. Kepu kila moja irudi namba yake na mshale wake, zilitobolewa pamoja na hedi. Na boliti zenyewe ndogo, nyingi hazifiki hata 15 Nm, usije na toki renchi kubwa ya boliti za tairi, renchi ikiwa kwenye moja ya tano ya chini ya kipimo chake usiiamini.

Gundi inafaa kwenye puli. Bluu, siyo nyekundu. Na hii gundi inakauka kwa kukosa hewa na kugusa chuma, ndo maana kwenye chupa haikauki. Ukiipaka juu ya oili ya kamu unapaka mchuzi tu. Safisha nyuzi zote mbili kwa brekiklina, acha zikauke, tone moja, kaza, iache siku nzima kabla ya kuwasha. Na soma maelekezo ya puli, kipimo chao cha torki ni cha nyuzi kavu au zenye gundi? Nyuzi zikiwa na utelezi mbano unapanda kwa torki ileile, viboliti vya M6 havina subira.

nati_huru

Washa za springi je? Zilizopasuliwa?

MzeeKapi

Ukishaikaza inakuwa bapa, inageuka washa ya kawaida. Mhandisi Mjerumani anaitwa Gerhard Junker alionyesha toka 1969 kwamba boliti hulegezwa zaidi na kusukumwa pembeni, vitu viwili vikiteleza huku na huku chini ya kichwa. Ukizuia kuteleza boliti hailegei. Kinachozuia kuteleza ni mbano. Washa hiyo haiongezi mbano. Kuna washa za jozi zenye ngazi za kabari hizo ni habari nyingine, ila kwenye puli ya kamu hazina nafasi.

saa_sita_kamili

Mimi Honda B16A, tapeti za skrubu na nati. Naongeza tu kwamba ukikaza nati skrubu inazunguka nayo, gepu uliloweka linahama. Shika skrubu na bisibisi, kaza nati, PIMA TENA baada ya kukaza, siyo kabla. Inteki 0.15 hadi 0.19, ekzosi 0.17 hadi 0.21, na hedi iwe chini ya digrii 38, siyo umetoka safari umekula umerudi unasema imepoa. Ile ncha ya roka ikiwa imelika na kuacha kishimo, fila bapa (kibati cha kupimia gepu) inapita juu ya kishimo kama daraja, inakuonyesha 0.17 kumbe gepu la kweli ni kubwa zaidi. Nilizunguka na hiyo mwezi mzima.

SpanaKumi

Wakuu.

Nimefungua kava ya beliti. Mzee umeona kwa macho ya mbali. Puli ya inteki kitovu kimerudi nyuma mistari mitatu kutoka sifuri, na mistari ya puli hii ni digrii za kamu, kwahiyo digrii 6 za krenki. Viboliti vitano: viwili nilivizungusha kwa vidole, VIDOLE, kimoja kwa kibisibisi, viwili ndo vilikuwa vimeshika kidogo. Matundu marefu yameng'aa ndani na kuna unga wa kijivu wa alumini umetapakaa kwenye kava. Ukishika kitovu na spana unakizungusha mbele nyuma unasikia tik. Mlio wenyewe huo huo. Nimekaa chini nikacheka.

Puli ya ekzosi iko sifuri ila kiboliti kimoja kilikubali robo mzunguko kabla hakijashika.

MzeeKapi

Umshukuru Mungu iliteleza ya inteki. Beliti inavuta ringi mbele, kitovu kinabaki nyuma, kwahiyo kulegea kwa namna hii siku zote kunachelewesha kamu. Inteki ikichelewa valvu inakuwa haijafunguka sana pistoni ikiwa juu, nafasi inaongezeka, unapoteza nguvu ya chini tu. Ule uzito uliosema ni tabia ya kamu kali ndo huo. Ingekuwa ekzosi imechelewa, valvu inachelewa kufunga na pistoni inakuja juu inaifukuza. Ulipojenga ulipima nafasi ya valvu na pistoni?

SpanaKumi

Nilipima kwa udongo laini juu ya pistoni, inteki 2.6, ekzosi 2.9, puli zikiwa sifuri.

MzeeKapi

Sawa, hapo ulifanya kazi ya mtu mzima, wengi wanataka angalau 2.0 na 2.5. Lakini kipimo hicho kilikuwa cha puli iliyokaa sifuri, siyo ya puli inayotembea.

NusuMilimita

Usirudishe puli ile ya inteki kabla hujaangalia nyuso. Kama sehemu vichwa vya viboliti vinapokalia pamechimbika, mbano hautakaa, badilisha. Viboliti vyote vitano weka vipya, daraja lilelile la maelekezo siyo chochote kilichopo kwenye kopo. Unga wa alumini futa wote, na angalia sili ya mbele ya kamu kama umeingia. Halafu rudisha kwenye sifuri, na kama una dayali geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) thibitisha ufunguzi kwenye valvu yenyewe, maana sifuri ya puli siyo lazima iwe sifuri ya kamu iliyochongwa na mtu mwingine.

Mwisho rangi. Kalamu ya rangi nyeupe, mstari mmoja unaopita juu ya kichwa cha kiboliti mpaka kwenye kitovu mpaka kwenye ringi. Mstari ukikatika unajua ni boliti imezunguka au ni kitovu kimehama, bila kugusa spana. Ukigusa kila mara kwa spana kwa ajili ya kuhakikisha unavunja gundi mwenyewe.

fundi_wa_usiku

Mimi niliyeweka kambi nimeenda kufungua kava yangu. Viwili vimelegea. Sina la kusema.

SpanaKumi

Mrejesho baada ya wiki mbili na kilomita 520.

Puli ya inteki nimeweka nyingine, ile ya zamani imechimbika chini ya vichwa vinne. Viboliti vipya pande zote, nyuzi nimeosha, gundi ya bluu, toki renchi ndogo niliyoazima, awamu tatu kwa kuvukavuka kama unavyokaza tairi, nikaacha siku nzima. Dayali geji ilionyesha inteki imepishana digrii 2 na ilivyotakiwa, nikairekebisha. Mlio mzito umeondoka siku ileile, imebaki cherehani. Nguvu ya chini imerudi, yaani nilikuwa naendesha kamu iliyochelewa nikajisifu ndo mbio.

Leo nimefungua kava, mistari yote kumi ya rangi imenyooka. Tapeti nimepima kwa mazoea, moja ya ekzosi silinda ya tatu imetoka 0.25 imekuwa 0.22, nyingine zipo. Kitu kimoja bado, sailensi inayumba, inapanda 1050 inashuka 850, na kwenye ekzosi inatoa pumzi za kukatakata. Hii nayo nitafute boliti?

MamaGia

Hiyo 0.22 iandike tarehe, gepu linalopungua ni valvu inazama kwenye kiti, ipime tena kilomita 1000 mbele. Ikikaa hapo ni kujikalisha tu kwa springi mpya, ikiendelea kushuka utaiunguza.

Sailensi kuyumba hapana, hapo umenunua overlapu. Digrii 264 valvu zote mbili zinakuwa wazi pamoja kwa muda mrefu kidogo, ikiwa taratibu moshi unarudi kwenye inteki unaharibu mchanganyiko. Pandisha sailensi kidogo, cheza na mafuta, ukizoea utaipenda. Spana weka chini.

SpanaKumi

Nimeweka chini. Toki renchi ya watu naipeleka kesho.